Majina Niliyoyakata kwenye Wimbo wa Felista

Rimoti ya televisheni iweke ndani ya friji. Hilo ndilo somo la kwanza, na wenye haraka wanaweza kuishia hapo.

Ninyi vijana wa kanisani mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya kurekodi, kwa kuwa mmesikia kwamba kabla sijawa mzee wa kukaa dirishani nikilalamikia theluji, nilikuwa fundi wa sauti. Mliniomba kwa Kiingereza, nawajibu kwa Kiswahili. Mtakaposhindwa, mama zenu wapo.

Friji, basi. Friji hunguruma. Wewe huisikii kwa sababu umeizoea, lakini maikrofoni haijazoea kitu. Kwa hiyo kabla ya kurekodi unaizima, na ukishaizima utasahau kuiwasha. Nilisahau mara ya kwanza tukatupa maziwa. Nilisahau mara ya pili wakati Mama Neema, mke wangu, alikuwa amehifadhi nusu mbuzi ya Krismasi. Sitaki kuieleza Krismasi hiyo. Mafundi wengine huweka funguo za gari ndani ya friji, ili wasiweze kuondoka bila kuifungua. Nami nikafanya hivyo, haikusaidia, kwa sababu studio yangu ilikuwa besimenti, chumba cha chini cha nyumba yangu mwenyewe hapa Agincourt, pembeni mwa Toronto, na mimi ningeweza kukaa siku nne bila kuhitaji gari. Mama Neema ndiye aliyegundua dawa.

"Weka rimoti," alisema. "Bila gari utaishi. Bila mpira jioni utatafuta mpaka ndani ya barafu."

Tangu siku hiyo hatukupoteza nyama tena, isipokuwa mara moja. Nitafika huko.

Somo la pili ni hita. Nayo izimwe. Januari ya Toronto, hita imezimwa, ukutani nimetundika mablanketi ili sauti isirukeruke, na mwimbaji ameketi katikati amevaa koti. Vifungo vya koti hugonga gitaa. Mfunge shali juu ya vifungo. Na usiielekeze maikrofoni kwenye tundu la gitaa, hapo hutoka mvumo kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa shibiri moja na nusu. Nilimrekodi hivyo mtu mmoja zaidi kuliko wengine wote, naye ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake, ingawa nimeanza na nyama kwa sababu nyama ni rahisi zaidi kuieleza.

Anaitwa Felista. Mnamjua kama yule bibi anayekaa upande wa kushoto kanisani na kuwasahihisha mnapoimba. Miaka ya elfu mbili na kitu alikuwa akiishi kwenye majengo marefu ya St. James Town, ghorofa ya kumi na nne, akifanya kazi ya kuwatunza wazee. Siku zake za mapumziko alipanda basi hadi kwangu na gitaa lililofungwa kwa shuka.

Kuna watu watakaowaambia kwamba alichokuwa akiimba ni kantri, na wengine watasema ni muziki wa kwao upande wa Vihiga, magharibi mwa Kenya, nao hugombana. Wote wana haki. Alipokuwa msichana, redio ya kwao ilipiga kila Jumapili nyimbo za wazungu wenye kofia pana, habari za treni, mvua na wake walioondoka. Hakuna nyumbani kwao aliyejua Kiingereza chote, lakini wote walilia mahali panapofaa. Kutoka kwa hao Felista alichukua hadithi: wimbo unaanza na mtu anatoka mlangoni, unamalizika ukijua alifika au hakufika. Alichukua pia ile sauti inayovunjika kidogo mwisho wa mstari na kuruka juu, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mengine yote aliyapata kwa mjomba wake. Felista alipiga kwa vidole viwili tu. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila haraka, na cha shahada kinakijibu juu. Ili kupandisha sauti alifunga penseli juu ya shingo ya gitaa kwa ukanda wa mpira. Mimi, mtu wa maendeleo, nikatoka nyumbani, jambo la kihistoria, nikaenda hadi mjini kumnunulia kibanio halisi cha chuma. Akanishukuru sana. Nilikuja kukiona miaka mingi baadaye jikoni kwake kimebana mfuko wa unga.

Na kwa mjomba alichukua majina.

Hili lazima niwaeleze taratibu, maana ndilo lililoniaibisha. Katika nyimbo za gitaa za kwao, hadithi ikishafika karibu na mwisho, mwimbaji anaacha kuimba. Gitaa halisimami, linabaki likizunguka palepale kama maji yanayochemka. Hapo mwimbaji anasalimia watu. Nasalimu fulani wa fulani, wa pale mtoni. Nasalimu mwalimu fulani na mkewe. Jina likiwa refu, gitaa linasubiri. Kisha anarudi kumalizia hadithi. Mtu aliyeahidiwa salamu katika wimbo aliwaambia majirani wote, akaisubiri kama mnavyosubiri ninyi mtu aweke moyo chini ya picha zenu, ila yeye alisubiri miezi.

Wimbo tuliorekodi majira ya baridi yale uliitwa "Mfuko wa Mkononi". Unaeleza msichana anayejiandaa kusafiri mbali. Dada yake anampigia gauni pasi ya makaa, anaunguza mkono wa gauni, na kwa kuwa hakuna gauni lingine anashona mfuko juu ya pale palipoungua. Msichana anapanda ndege na mfuko kwenye mkono wa gauni, watu wote wanamtazama, na ndani ya mfuko dada ametia karanga. Basi. Ni hadithi tupu, hakuna jina hata moja ndani yake. Dada huyo anaitwa "dada" tu, mpaka ufike kwenye salamu. Hapo jina la kwanza ni Robai. "Nasalimu Robai wa Musa, mwenye sindano." Ndipo unapojua ni nani. Robai alikuwa dada yake mkubwa Felista, aliyemlea, na aliyekuwa bado kijijini, kifua kinamsumbua. Felista alikuwa amemwambia kwa simu: umo kwenye wimbo, na umo kwa jina.

Siku moja baada ya kurekodi, akaja mzungu mmoja kununua mashine yangu ya zamani ya kanda. Mtu mpole, ndevu, sweta la sufu. Alikuwa na kipindi cha kantri na nyimbo za kienyeji kwenye kituo kidogo cha redio. Nikamsikilizisha Felista, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Akafumba macho. Kwenye karanga akatikisa kichwa, na nikaona kweli zimemwingia. Yalipoanza majina akafumbua macho.

"Hapa anafanya nini?" akauliza akitabasamu. "Anasoma kitabu cha simu?"

Nikacheka.

Vijana, nimeandika sentensi hiyo nikaondoka mezani, nikanywa maji, nikarudi. Nilicheka. Tena si kicheko kidogo cha adabu, nilicheka mpaka nikapiga goti. Nikamwambia, "Ah, hizo ni salamu tu. Mambo ya kizamani ya kwetu. Zinaondoka hizo."

Yule bwana hata hakuwa amesema ziondoke. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kama ningemweleza kwa dakika mbili tu nilivyowaeleza ninyi hapa, nadhani angefumba macho tena.

Sasa mnijue mwalimu wangu. Mzee Sadru alikuwa Mwismaili mzaliwa wa Kisumu, na karakana yake ya kutengeneza redio haikuwa mbali na kwangu. Alinifundisha kukata kanda kwa wembe. "Kata kwenye pumzi, bwana," alikuwa akisema. "Pale mtu anapovuta hewa. Unganisha pumzi ya hapa na pumzi ya kule, hata mama yake hatajua." Na kila alichokikata alikitundika ukutani kwa msumari, na karatasi yenye jina la mwenye sauti. Ukuta mzima ulining'inia vipande vya kanda kama tambi. Havikuondoka pale mpaka mwenyewe aje, asikilize, aseme haya, tupa.

Nilipopata kompyuta nilimcheka pia kwa ule ukuta. Mnaona kicheko changu kilivyofanya kazi nyingi.

Jioni ile nikakaa kwenye kompyuta nikakata. Majina kumi na tisa, dakika moja na kidogo. Kulikuwa na pumzi kabla ya "Nasalimu Robai", na pumzi nyingine kabla ya ubeti wa mwisho. Nikaziunganisha zikawa pumzi moja. Gumba halikukosea hatua. Katika miaka yangu yote sijawahi kukata vizuri hivyo, na ninyi mtakapofanya kazi nzuri mno muiogope kidogo. Nikamwita Mama Neema ashuke asikie.

"Umesikia kiungo kiko wapi?"

"Sijakisikia."

"Ndiyo maana nimekuita!"

"Baba Neema, majina yako wapi?"

"Yameenda. Wimbo umekuwa mwepesi sasa. Redio wataupenda."

"Robai naye ameenda?"

"Wote."

Akasimama kwenye ngazi na taulo la vyombo mkononi. "Felista anajua?"

"Atafurahi."

"Sikukuuliza kama atafurahi," akasema, akapanda zake juu.

Kompyuta zile zilikuwa na tumbo dogo. Jumamosi nilikuwa na kwaya ya harusi ya kurekodi, nafasi haikutosha, nikafuta ule wimbo wa mwanzo wenye majina. Ukuta wa kutundika vipande sikuwa nao. Felista akapita Ijumaa akikimbilia zamu yake, hata kuketi hakuketi, akachukua CD mbili mlangoni. Moja akampa mama wa kanisani aliyekuwa anasafiri kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Alikuwa amesikiliza wimbo wake kwangu siku tuliyorekodi, ukiwa mzima. Kwa nini ausikilize tena?

Yaliyotokea kule nayajua kwa sababu Felista alinipigia simu baada ya kuzungumza na nyumbani.

Robai alikuwa amewaalika watu. Alipika chai na mandazi, akaazima redio ya CD kwa jirani, wakaiunganisha na betri ya gari. Wimbo ukapigwa. Kwenye pasi watu wakacheka, kwenye karanga Robai akalia. Wakasubiri majina. Wimbo ukaisha. Mtu akasema labda tumepitiwa, urudie. Wakarudia. Ndipo Robai akasema pengine majina yako upande wa pili, kama kanda, akaitoa CD akaigeuza. Redio ikakataa kusoma. Akaifuta kwa kanga, akaiweka tena kinyume, ikakataa. Wageni wakamaliza chai yao wakaaga kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza.

Halafu akampigia mdogo wake. "Felista," akamwuliza, "jina langu limekutia aibu huko kwa wazungu?"

Hilo ndilo swali Felista alilokuja nalo kwangu kwenye simu. Aliyeona aibu ni mimi, na mimi ndiye niliyeshika simu.

"Fundi, majina yako wapi?"

"Majina gani?" nikasema.

Nikasikia basi linapita upande wake.

"Ni kompyuta, dada. Imeyala. Hizi mashine mpya..."

"Imeyala."

"Ndiyo."

"Yote kumi na tisa."

"Yote."

"Haya," akasema. "Nitamwambia dada kompyuta imeyala."

Akamwambia. Na jibu la Robai likanirudia wiki iliyofuata, Felista akilisimulia huku akifungua shuka la gitaa lake: "Anasema hiyo kompyuta inajua kuchagua. Imeacha gauni, ikala watu."

Tukakubaliana turekodi upya. Siku hiyo uzi ulikatika, sikuwa na mwingine. Mara nyingine nikasema baridi ni kali, gitaa halitakaa sawa. Mara nyingine mafua. Felista akasema, "Kama shida ni mimi kuja kwako kwa baridi, njoo wewe kwangu, beba mashine yako, nitapika." Nikamwambia, "Ghorofa ya kumi na nne, dada, na lifti zenu hizo mbovu." Kila mtu anajua lifti za kule. Sikuuliza kama siku hiyo lifti ni nzima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiogopa kukaa naye katika chumba kimoja kilichozimwa kila kitu kinachonguruma. Wenzangu hunitania kwamba napenda nyumba yangu kama konokono, nami hucheka nao. Majira yale ya baridi nilijificha ndani ya utani huo.

Robai alifariki kabla theluji haijaisha.

Watu wa kanisa walikusanyika kwa Felista kwa maombi. Mama Neema akanivalisha koti kama mtoto, tukaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika nyumbani kwake. Lifti ilikuwa nzima.

Kile kituo kidogo cha redio cha yule mzungu kilipiga wimbo mara moja, siku ya Jumapili. Ulisikika vizuri sana.

Miaka ikapita mingi. Mzee Sadru akafunga karakana, akanipa misumari yake ndani ya kopo la kahawa, akijua vizuri kwamba sina kanda ya kutundika. Watu wakaanza kurekodi kwa simu zao na hawakuhitaji mtu wa kuwazimia friji. Nikatangaza kwamba ninastaafu, ingawa hakuna aliyegundua tofauti. Ndipo Felista akapiga simu. Ana wimbo mpya, anataka niurekodi mimi, ule wa mwisho.

Akaja. Nywele zimekuwa nyeupe, penseli ileile. Nikamketisha, nikamfunga shali juu ya vifungo, nikazima hita, nikazima friji, nikaweka rimoti. Kila kitu kikawa kimya. Na katika kimya hicho, kabla sijabonyeza kitufe, nikamwambia. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba hiyo kwa miaka, ina mwanzo na kati na mwisho. Yalitoka maneno manne: "Dada, nilikata kwa mkono."

Alikuwa akikaza uzi. Hakuinua kichwa.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile niliyokupigia. Niliisikiliza ile CD kwanza. Fundi, kompyuta gani inakula kutoka pumzi mpaka pumzi?" Akajaribu uzi kwa kidole. "Pale palikuwa safi mno. Mkono huo naujua."

Nikatafuta mahali pa kutazama. Nikatazama blanketi.

"Sasa kwa nini ulimwambia Robai..."

"Ningemwambia nini? Kwamba ni mtu? Angeuliza mtu gani. Ningesema ni mtu wetu." Hapo ndipo akaniangalia. "Mashine ilikuwa afadhali. Dada yangu akafa akiigombeza mashine. Wewe hukutukanwa hata kidogo, na hilo nililifanya mimi, na sijui kama nilifanya vizuri."

Nikaisogeza maikrofoni, ingawa ilikuwa mahali pake tayari.

"Na ukaendelea kuja," nikasema.

"Ningeenda wapi? Nani mwingine Toronto nzima angenivumilia na penseli?" Akavuta pua. "Bonyeza hicho kitufe, baridi inaniua."

Nikabonyeza. Wimbo huo unaeleza mwanamke anayepanda ngazi ghorofa kumi na nne na mizigo, akiwaza habari za kila mlango anaoupita. Vidole vyake havikuwa kama zamani, gumba lilikuwa likichechemea, na sikusahihisha hata hatua moja. Kisha akaacha kuimba na gitaa likabaki likizunguka.

"Nasalimu Robai wa Musa, mwenye sindano. Robai, jina lako hili hapa, umelisubiri sana." Gitaa likasubiri. Akaita waliobaki wa wale kumi na tisa, na waliokufa. "Nasalimu Mama Neema wa Agincourt, mwenye nusu mbuzi." Nikasikia juu ya ngazi mtu akicheka. "Na mume wake, fundi wangu. Mwenye mkono safi. Nakusalimu nawe."

Kwa watu wengine hiyo ni sifa. Mwenyewe nilikuwa nimevaa hedifoni, ikaniingia masikio yote mawili kwa wakati mmoja.

Mkiusikiliza wimbo huo, na sasa umo kwenye simu zenu, mtasikia kwamba baada ya jina hilo gitaa linazunguka mara mbili zaidi kuliko linavyotakiwa, kama linamsubiri mtu. Halafu kuna kikohozi. Hicho ni changu. Ningeweza kukiondoa kabla hajavaa viatu vyake, pumzi kwa pumzi, na jina langu pamoja nacho, na hakuna ambaye angejua zaidi yetu sisi wawili. Felista aliniuliza mlangoni, akifunga gitaa kwa shuka, "Utasafisha?" Nikamwambia hapana.

Siku ya pili asubuhi Mama Neema alifungua friji akakuta maziwa yameganda, kuku ananuka, na rimoti iko katikati yao. Akapanda chumbani kuniamsha. "Baba Neema! Siku nzima hukuitafuta hata kidogo?"

Nikamwambia sikuitafuta, nilikuwa besimenti nikiyasikiliza majina tena.